Siku Saba Kando ya Ukuta wa Hadrian

Nimesharudi Arusha. Buti zimeoshwa na kuanikwa, na mezani nina daftari dogo lenye madoa ya chai pamoja na picha zaidi ya 400 kwenye simu. Simulizi hii nimeiunga kutoka humo. Wapo walioniuliza kama kweli nimetumia akiba ya miaka mitatu kwenda Uingereza kuangalia mawe. Ndiyo, nilikwenda kuangalia mawe.

Nilizaliwa na kukulia Namanga, upande wa Tanzania, nyumba ya nne kutoka getini. Mama aliuza chai na maandazi kwa madereva wa malori waliokuwa wakisubiri mihuri. Utotoni nilidhani kila mji una geti katikati yake. Baadaye nikawa mwalimu wa Historia, na karibu kila nilipokutana vitabuni na Ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, maelezo yalikuwa yale yale: ulijengwa kuwazuia washenzi wa kaskazini. Maelezo hayo hayakuniingia. Nimeona mpaka ukifanya kazi tangu nikiwa na miaka mitano, na watu walipita usiku na mchana. Kazi ya pale getini ilikuwa kujua nani kapita, kabeba nini, kalipa kiasi gani. Nikataka nikaone mwenyewe kama Warumi waliwaza tofauti na watu wa forodha wa Namanga.

Alhamisi 15 Mei 2025: Newcastle

Ndege mbili, treni mbili na foleni ya uhamiaji ya saa moja na nusu, hayo nayaruka. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi Newcastle, alinipokea stesheni akiwa na jaketi zito mkononi. "Shikamoo dada. Vaa hili kwanza, habari za nyumbani baadaye." Jua lilikuwa kali na mbingu haina wingu, lakini upepo wa Bahari ya Kaskazini ulipita kwenye sweta langu kama halipo.

Jioni alinilisha mkate wa huko uitwao stottie, wa duara, bapa, mzito wa kutafuna, na ndani yake pease pudding, yaani njegere kavu zilizochemshwa na kupondwa mpaka zikawa kama uji mzito. Bibi yangu angekila chakula hicho bila kuuliza ni cha nani.

Kwa atakayefuata: paundi moja ilinigharimu kama shilingi 3,600. Pesa taslimu sikuzihitaji karibu popote, kwani hata kwenye basi unagusisha kadi. Nauli ya basi ilikuwa paundi 3 kwa safari, iwe fupi au ndefu. Njia ya miguu inayofuata ukuta ina kilomita 135 na wenye miguu huimaliza kwa siku kama saba. Mimi nilichanganya treni, basi na miguu.

Ijumaa 16 Mei: Wallsend na South Shields

Ukuta unaanzia, au unaishia, kitongoji kiitwacho Wallsend, na unafika kwa treni ya mjini. Pale stesheni vibao vimeandikwa Kiingereza na Kilatini. Nilisimama mbele ya kile cha kukataza sigara, "Noli fumare", nikakipiga picha nne.

Ngome yenyewe iliitwa Segedunum. Kuna mnara wa kisasa wa mita 35. Ukipanda unaiona ramani yote ya ngome chini yako, kambi kwa kambi, na nyuma yake mto Tyne na eneo la zamani la kujengea meli. Hapo ndipo nilipouelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 122 Kaizari Hadrian alifika Uingereza, na kazi ikaanza chini ya liwali wake, Aulus Platorius Nepos. Wajenzi walikuwa askari wa lejioni tatu, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi. Kilomita 117 kutoka bahari hadi bahari, ambazo kwa hesabu yao zilikuwa maili 80. Kila maili moja ya Kirumi ngome ndogo yenye lango, na kati ya ngome hizo ndogo minara miwili ya ulinzi. Upande wa kaskazini handaki.

Hadrian alikuwa ameurithi ufalme mwaka 117 kutoka kwa Trajan, mtu wa kuteka nchi. Yeye akaachia sehemu za mashariki ambazo Trajan alikuwa ametoka kuziteka, akaamua kuwa dola imetosha. Huku Uingereza majeshi yalishawahi kufika mbali ndani ya Uskoti, yakarudi. Kwa hiyo ukuta ulijengwa na dola iliyoacha kukua na kuanza kuhesabu ilivyo navyo.

Chini ya Segedunum wachimbaji walikuta alama za jembe la kukokotwa. Palikuwa na mashamba ya watu. Nilikaa na habari hiyo muda mrefu kwenye kiti cha mnarani, nikiwaza ng'ombe wa Wamaasai wa kwetu, ambao malisho yao yamekatwa na mstari uliochorwa na watu wasiojua kuna maji wapi.

Kabla ya kuondoka nilichukua paspoti ya ukuta. Si mzaha: ni kikaratasi cha kukunja, na kuanzia Mei hadi Oktoba kuna vituo saba njiani vya kugongea muhuri. Mtoto wa getini Namanga nikagonga muhuri wangu wa kwanza kwa mkono wangu mwenyewe.

Kutoka Wallsend nilikwenda kwa treni hadi North Shields, nikavuka mto kwa kivuko cha dakika chache. South Shields ndiko nilikotaka kufika kuliko kokote. Swala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha, na nje ya msikiti wa mtaa wa Laygate nilimuuliza njia mzee mmoja mwenye kofia. Akaniuliza natoka wapi. Nilipotaja Tanzania akasema, "Makaa." Ndilo neno pekee la Kiswahili alilorithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akitia makaa kwenye tanuri za meli na kupita Mombasa. Mabaharia wa Kiyemeni wamekaa mji huu tangu mwisho wa karne ya 19. Mzee akanionyesha msikiti ambamo Muhammad Ali alikuja kuombewa dua ya ndoa yake mwaka 1977, kisha akanisindikiza kwa miguu, polepole, mpaka kwenye ngome ya Arbeia, na kahawa akalipa yeye.

Arbeia ilikuwa bohari. Septimius Severus, kaizari mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, alipokuja kupigana Uskoti kuanzia mwaka 208, ngome hii ilijazwa maghala ya nafaka. Baadaye ilikaliwa na kikosi cha wanamashua wa mto Tigri. Wataalamu wengine husema hata jina Arbeia maana yake ni mahali pa Waarabu. Mzee wangu alikuwa analijua hilo vizuri sana.

Ndani ya makumbusho kuna mawe mawili ya makaburi. La kwanza ni la Victor, "Mmoori kwa kabila, umri miaka 20", mtumwa aliyeachwa huru na Numerianus, mpanda farasi wa kikosi cha Waasturia kutoka Hispania. Mwafrika wa kaskazini, amelala kwenye kochi, na kijana anamnyoshea kikombe. Maandishi yanasema Numerianus alimsindikiza kaburini kwa mapenzi makubwa. La pili ni la Regina, mwanamke wa kusini mwa Uingereza aliyekuwa mtumwa, akaachwa huru na kuolewa na Barates wa Palmyra, Shamu. Amefariki akiwa na miaka 30. Amekaa kwenye kiti cha matete, kikapu cha sufu pembeni. Kilatini kimeandikwa kama kawaida ya makaburi, lakini chini yake kuna mstari wa maandishi ya Kipalmyra, lugha ya nyumbani kwa mume: Regina, mwachwa huru wa Barates, ole!

Fikirini mji wa baridi ule, watu wangapi waliweza kuusoma mstari huo? Aliuandika kwa sababu ndiyo lugha aliyoweza kulilia.

Askari wa Namanga nao hawakuwa wa Namanga. Nakumbuka mmoja wa Kigoma, mwingine wa Newala, wakinywa chai ya mama na kulalamikia vumbi.

Jumamosi 17 Mei: Hexham, Chesters, Brocolitia

Treni ya asubuhi hadi Hexham, karibu paundi 9. Nilikuwa na saa moja ya kusubiri, nikaingia abasia ya mjini, ambako kuna jiwe la kaburi la Flavinus, mbeba bendera wa kikosi cha farasi, aliyekufa na miaka 25 baada ya utumishi wa miaka 7. Kanisa la chini ya ardhi, lililojengwa karne ya 7, limejengwa kwa mawe ya Kirumi. Hilo utaliona njia nzima: makanisa, maghala, kuta za mashamba, vyote vimekula ukuta.

Basi la watalii lina namba AD122, yaani mwaka wa ukuta. Hufanya kazi majira ya joto, na safari kwa siku ni chache. Piga picha ya ratiba kituoni, maana mtandao milimani hupotea.

Chesters ni ngome ya wapanda farasi kando ya mto North Tyne. Hamamu yake imesimama vizuri kuliko nilivyotegemea, hata yale matundu saba ukutani, ambayo huenda yalikuwa ya kuwekea nguo. Upande wa mashariki uliniuma kidogo kwa ukuta uliobomolewa. Karne ya 18, baada ya uasi wa 1745, serikali ilijenga barabara ya jeshi na kwa kilomita nyingi ukuta ukasagwa kuwa kifusi cha barabara hiyo. Gari linapita juu yake mpaka leo. Aliyeokoa sehemu kubwa ya kilichobaki ni John Clayton, karani wa mji wa Newcastle, aliyerithi shamba la Chesters na kutumia maisha yake kununua shamba baada ya shamba lenye ukuta ndani yake. Alifariki mwaka 1890. Muhuri wa pili nikaupata hapa.

Nikatembea kama kilomita sita kuelekea magharibi. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo niliposimama na kupiga kelele peke yangu.

Ukuta wa Hadrian una mitaro miwili. Wa kwanza, kaskazini, unatazama "washenzi". Wa pili uko kusini, nyuma ya ukuta, ndani ya dola yenyewe. Wataalamu wanauita Vallum. Una upana wa mita sita hivi, kina cha mita tatu, na tuta kubwa kila upande. Ulichimbwa muda mfupi baada ya ujenzi kuanza, ukawa uzio wa eneo la jeshi. Kuuvuka ilikupasa upite kwenye ngome kubwa tu. Yaani malango ya kila maili, ambayo yangekuwa karibu 80, yakabaki na njia za kufikika kumi na kadhaa, kila moja ikiwa na kambi nzima ya askari.

Sasa, mahali paitwapo Limestone Corner mwamba ni mgumu ajabu. Mtaro wa kaskazini waliuacha haujakamilika. Mawe makubwa yamelala ndani yake, na jiwe moja bado lina matundu ya kabari walizokuwa wakipigilia kulipasua. Lakini mtaro wa kusini, ule unaowaelekea watu wao wenyewe, waliuchimba wote, kwenye mwamba ule ule.

Mtu anayeogopa jeshi kutoka kaskazini hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni yule anayetaka kuziba njia za panya.

Mbele kidogo, kwenye ngome ya Brocolitia, nilipumzika katika hekalu dogo la mungu Mithra, kama banda la mbuzi kwa ukubwa, mabenchi mawili ya udongo na nakala za madhabahu tatu. Zile halisi ziko Newcastle. Watu walikuwa wameacha sarafu juu yake. Jirani palikuwa na kisima cha mungu wa kike Coventina, kilichotoa sarafu zaidi ya 13,000 kilipochimbwa karne ya 19. Nikaacha senti yangu moja. Kisha basi likachelewa dakika hamsini, na bibi mmoja aliyekuwa na mbwa akanigawia nusu ya sandwichi yake ya jibini bila kuniuliza kama nina njaa. Uso ulisema.

Kitanda cha bweni karibu na kijiji cha Once Brewed: paundi 32. Leta kufuli lako.

Jumapili 18 Mei: Vindolanda

Vindolanda iko kusini ya ukuta, ni ya zamani kuliko ukuta, na kama una siku moja tu, njoo hapa. Kiingilio ni zaidi ya paundi 10 na sikujutia hata senti. Mwaka 1973 mwanaakiolojia Robin Birley alikuta kwenye tope vibao vyembamba vya mbao, vyembamba kama kadi ya posta, vimeandikwa kwa wino. Tope lisilo na hewa lilikuwa limevitunza. Vingi viko London, vichache vinaonyeshwa hapa gizani.

Kimoja ni taarifa ya kikosi cha kwanza cha Watungri, kutoka Ubelgiji ya leo, cha miaka ya 90 ya karne ya kwanza. Askari 752. Waliopo kambini 296 tu. Wengine wametumwa huku na huko, 337 wakiwa Corbridge. Kati ya waliopo, 15 wagonjwa, 6 wamejeruhiwa, 10 macho yanauma. Tarehe ya taarifa: 18 Mei. Nilisoma mara mbili, nikaangalia simu. Ilikuwa 18 Mei.

Kuna mwanamke, Claudia Severa, mke wa mkuu wa kambi nyingine, anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, na mwishoni ameongeza maneno kwa mkono wake mwenyewe. Kuna mtu ametumiwa soksi, ndala na nguo za ndani. Kuna Masclus anayesema askari wake hawana bia, tafadhali ziletwe. Kuna kibao kinachowaita wenyeji kwa jina la kudunisha, kama kusema "vijitu vya Kibritoni". Wanafunzi wangu nimeshawasomea hicho, nao hawakuhitaji maelezo.

Halafu kuna orodha ya manunuzi yenye pilipili manga, dinari 2. Pilipili hiyo ilitoka India, ikavuka Bahari ya Hindi kwa pepo za msimu mpaka Bahari ya Shamu. Wafanyabiashara wa bahari hizo hizo waliijua pwani yetu: kitabu chao cha mabaharia cha karne ya kwanza kinaitaja Azania na bandari yake Rhapta, kilikonunuliwa kipusa, pembe za ndovu na magamba ya kasa. Nimefundisha Rhapta miaka yote hiyo. Sikuwahi kuwaza kwamba mtandao ule ule ulifika kwenye sahani ya askari katika baridi ya Northumberland.

Jumatatu 19 Mei: Housesteads hadi Winshields

Siku ya picha nyingi. Ngome ya Housesteads iko juu ya genge la mawe meusi, na ukuta unafuata kingo za genge hilo kama mgongo wa mjusi. Watu hukimbilia choo cha askari, nami nilikwenda, kiko vizuri. Lakini mimi nilishuka bondeni upande wa mashariki, kwenye kijito cha Knag Burn, ambako hakukuwa na mtu isipokuwa kondoo na watoto wao.

Pale kuna lango ukutani lililoongezwa baadaye. Lina vyumba viwili vya walinzi, kimoja kila upande, na lilikuwa na jozi mbili za milango, moja mbele na moja nyuma. Msafiri na mifugo yake anaingia, mlango unafungwa nyuma yake, wa mbele bado haujafunguliwa. Anakaguliwa akiwa katikati. Ndipo anafunguliwa.

Nilikaa kwenye kizingiti cha jiwe. Lori linaingia, kizuizi kinashuka nyuma yake, cha mbele hakijapanda, dereva anashuka na makaratasi yake, anaagiza chai. Nimeliona mara elfu.

Sentensi pekee ya kale inayotaja sababu ya ukuta iliandikwa miaka zaidi ya 200 baadaye: kwamba Hadrian alijenga ili kuwatenga washenzi na Warumi. Kutenga, sawa. Walinzi waliweza pia kuona wezi wa mifugo mapema na kuwasumbua, na ukuta mweupe au wa kijivu wenye kimo cha mita nne au tano ulikuwa tangazo la nguvu. Sipingi hayo. Lakini mtu asiniambie malango ni mapambo.

Kutoka hapo hadi Steel Rigg ni kama kilomita tano za kupanda na kushuka. Ngome ndogo namba 37 ina lango la kaskazini ambalo nusu ya tao lake bado ipo, na ukitoka nje yake unakutana na mteremko mkali wa genge. Amri ilisema lango kila maili, basi lango likawekwa. Yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini ataelewa.

Sycamore Gap nilifika mchana. Mti maarufu uliosimama kwenye bonde lile ulikatwa usiku mmoja, Septemba 2023. Limebaki shina, na pembeni yake machipukizi yamejitokeza. Watu walifika, wakanyamaza, wakaondoka. Mzee mmoja alivua kofia.

Visigino vyangu vilikuwa vimechubuka vibaya. Mume na mke waliokuwa wakitembea kutoka magharibi walinikalisha chini, mke akanifunga plasta mwenyewe kama mtoto, akaniachia pakiti nzima. Na bado nikafika Winshields, mita 345, sehemu ya juu kuliko zote za ukuta.

Kwa atakayefuata: buti zizoeshwe nyumbani kabla. Usipande juu ya ukuta, unabomoka. Mei ni wakati wa ng'ombe wenye ndama, zunguka mbali nao. Na maji beba ya kutosha. Juu ya genge hakuna duka.

Jumanne 20 Mei: Birdoswald

Nilikosa basi. Kosa langu, sikuamka. Nilikuwa nimesimama barabarani na mkoba wangu wakati mkulima mwenye pikapu iliyojaa mabao ya uzio aliposimama. Hakusema mengi. Aliniuliza kama Tanzania kuna kondoo, akafurahi kusikia wa kwetu wana mikia minene, na akaniteremsha Gilsland.

Kutoka Gilsland unafuata ukuta hadi Willowford, ambako nguzo ya daraja la Kirumi imesimama shambani, mahali pakavu. Mto Irthing umehama kuelekea magharibi tangu hapo. Ng'ambo yake ndiko ukuta ulikojengwa kwanza kwa matofali ya nyasi na udongo, ndipo baadaye ukajengwa tena kwa mawe. Birdoswald yenyewe ililindwa na kikosi cha Wadakia, kutoka Romania ya leo. Muhuri wa nne.

Hadrian alipofariki mwaka 138 mrithi wake, Antoninus Pius, aliuacha ukuta huu na kujenga mwingine wa nyasi huko mbele, Uskoti. Liwali aliyesimamia kazi hiyo aliitwa Quintus Lollius Urbicus, mzaliwa wa Tiddis, Algeria ya leo. Ukuta wa pili haukudumu hata kizazi kimoja, wakarudi kwenye huu wa Hadrian.

Jioni treni kutoka Haltwhistle, mji unaojinadi kuwa ndio kitovu cha Uingereza, hadi Carlisle. Soseji ndefu ya kujiviringa, viazi, usingizi.

Jumatano 21 Mei: Burgh by Sands na Bowness

Basi la kijijini lilikuwa na abiria watatu. Nilishuka Burgh by Sands, kijiji kimya chenye kanisa lililojengwa ndani ya ngome ya Kirumi, kwa mawe ya ngome hiyo. Iliitwa Aballava. Karne ya 3 ilikuwa na kikosi cha Wamoori wa Aurelius, watu wa Afrika Kaskazini. Madhabahu yenye jina la kikosi chao ilipatikana Beaumont, jirani, mwaka 1934. Kijijini kuna kibao cha kumbukumbu kinachowataja. Mama mmoja aliyekuwa akipanga maua kanisani aliniona nikizunguka, akanifungulia na kuniambia nikae nitakavyo. Nikakaa. Niliwasha tochi ya simu nikawa natazama mawe ya ukuta mmoja baada ya mwingine.

Bowness-on-Solway ni mwisho. Hakuna ukuta wa kuonekana. Kuna kibanda kinachotazama ghuba, muhuri wa mwisho, na upande wa pili Uskoti, karibu kiasi cha kuhesabu nyumba. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umeenea mbali. Watu walikuwa wakivuka kwa miguu hapa, na Warumi walijua, maana ingawa ukuta unaishia Bowness, minara na ngome ndogo ziliendelea kusini kando ya pwani.

Jumla ya siku saba, mbali na ndege na viza, ilikuwa paundi 340, kwa sababu Newcastle nililala bure.

Wiki iliyopita nilikwenda Namanga kumwonyesha mama picha. Alipitisha haraka haraka ngome, mahekalu, mawe ya makaburi. Kwenye lango la Knag Burn akasimama. Nikamweleza milango ile miwili. Akatazama kwa muda, akauliza, "Na wauza chakula walikaa wapi?"

Nikarudi nyuma picha sita, nikampa ile ya mteremko wa Housesteads, nje ya lango la kusini. Kuna misingi ya nyumba za raia, na moja iko hatua chache tu kutoka langoni, ambayo kizingiti chake cha mbele kina mfereji uliochongwa wa kutelezeshea mbao za kufungia. Duka, au kilabu.

Akaikuza picha kwa vidole viwili. "Huyu alipata pazuri," akasema. "Asubuhi wanaanza kwake."